Nani Atamgeuza Usiku?

Mtu akivunjika mgongo, kila anayekuja kumjulia hali huuliza jambo moja: atatembea tena? Wanauliza mlangoni, wanauliza mbele ya mgonjwa mwenyewe, wanauliza kwa simu kutoka Dar. Naelewa kwa nini. Lakini nimekaa karibu na mjomba wangu, mkwezi wa minazi aliyeanguka huko kwetu Tanga akapooza miguu yote miwili, na nimeona swali linaloamua kama mtu ataishi ni jingine kabisa. Nani atamgeuza usiku?

Naandika haya kwa sababu familia nyingi hutoka wodini na mgonjwa wao, kadi ya kliniki na mpira wa mkojo, na hakuna aliyekaa nao chini kuwaeleza kinachokuja. Wanafika nyumbani wakisubiri miguu iamke. Wakati wanasubiri, ngozi ya makalio inaoza na mkojo unarudi kwenye figo.

Mjomba alianguka asubuhi, shina likiwa bado lina umande, akatua kwa makalio. Mtu akianguka hivyo, kishindo chote hupanda mgongoni na kukutana pale ambapo sehemu ya kifua, iliyoshikwa na mbavu, inaungana na sehemu ya kiuno, inayojikunja kwa uhuru. Hapo ndipo pingili nyingi hupasukia kwa watu wanaoanguka kutoka mitini, na ndipo yake ilipopasukia: pingili ya 12 ya kifua na ile ya kwanza ya kiuno.

Watu wa shamba la jirani walikuja mbio. Mmoja akamshika makwapani, mwingine miguuni, wakamnyanyua akiwa amekunjika na kumpakia kwenye bajaji. Walifanya kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa vingine. Ndiyo maana naanza na hili, kabla ya hospitali na kabla ya dawa.

Ukimkuta mtu ameanguka au amegongwa, na analalamika mgongo au shingo, au anasema miguu imekufa ganzi, usimkalishe wala usimwambie ajaribu kusimama. Kama hapo alipo hapana moto, maji wala magari, mwacheni alale hapo hapo mpaka mpate watu wa kutosha na kitu kigumu kilichonyooka: mlango uliong'olewa, ubao wa kitanda, hata meza iliyotolewa miguu. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, na huyo ndiye atoe amri. Wengine washike mabega, nyonga na miguu. Akihesabu moja, mbili, tatu, wote wanamgeuza kwa pamoja, mwili mzima ukizunguka kama gogo, ubao unasukumwa chini ya mgongo, kisha anarudishwa juu yake. Tafuteni gari ambalo atalala amenyooka, na dereva aende taratibu. Halafu toeni vitu vyote mifukoni mwake. Mjomba alikuwa na funguo mfuko wa nyuma. Alizilalia njia nzima na saa nyingi za kusubiri mapokezi, bila kuhisi chochote, na kidonda chake cha kwanza kilikuwa na umbo la zile funguo.

Sasa mwili wenyewe. Uti wa mgongo una pingili 33, na ndani yake unapita ugwe laini unaochukua amri kutoka kwenye ubongo kwenda mwilini na kurudisha habari juu: baridi, maumivu, kibofu kimejaa. Ugwe huo haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo mishipa ya fahamu hushuka kama fungu la nyuzi. Ukiumia shingoni, mikono na miguu yote huathirika. Ukiumia kuanzia kifuani kwenda chini, mikono inabaki salama na miguu inapooza. Hii ya pili ndiyo madaktari huita paraplejia.

Kuna wanaobaki na hisia kidogo au uwezo wa kutikisa kidole, na hao wana matumaini makubwa zaidi kuliko wale ambao kila kitu kimezimika. Wiki za kwanza ugwe huwa katika mshtuko, na picha kamili haijaonekana. Upasuaji wa kuweka vyuma na skrubu unasaidia sana: unaondoa mfupa unaobana ugwe, unaimarisha mgongo, unamwezesha mgonjwa kukaa mapema. Lakini vyuma vinashikilia mfupa tu. Ugwe uliokwisha haribika haushonwi. Utafiti unaendelea, mwaka 2018 wanasayansi wa Lausanne, Uswisi, walionyesha watu watatu waliopooza miguu wakipiga hatua kwa msaada wa kifaa cha umeme kilichopandikizwa mgongoni, tena kwa mazoezi makali. Hiyo ni habari njema. Haina uhusiano wowote na mtu anayekuja nyumbani na chupa ya mafuta akidai atakurudisha shambani kwa siku 40, na familia yetu ilikaribia kuuza ng'ombe kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Miguu ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayozungumzwa. Visivyoonekana ni kibofu, haja kubwa, ngozi isiyohisi, na mambo ya ndoa. Hivyo ndivyo vinavyoua au kumkalia mtu moyoni.

Hadi miaka ya 1930, hata katika nchi tajiri, wengi waliovunjika mgongo na kupooza walikufa ndani ya miezi au miaka michache. Hawakufa kwa mgongo. Walikufa kwa vidonda vilivyooza na maambukizi ya mkojo yaliyopanda kwenye figo. Aliyebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa ni daktari Myahudi kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939. Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa vita katika hospitali ya Stoke Mandeville. Dawa yake ya kwanza ilikuwa amri: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mkojo ushughulikiwe kwa usafi. Wagonjwa waliacha kufa. Walipoacha kufa, akawataka wafanye kazi na wacheze. Tarehe 29 Julai 1948 aliwaandalia mashindano ya upinde na mishale, na kutokana na mbegu hiyo Roma ikaandaa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza mwaka 1960. Kila ninapoona mwanariadha wa kiti mwendo kwenye televisheni namkumbuka muuguzi wa zamu ya usiku anayezunguka vitanda kugeuza watu.

Kwetu zamu hiyo ilimwangukia mkaza mjomba. Sista mmoja wa wodi ndiye aliyemwokoa mjomba, na simuoni mwingine. Hakumwambia tu mama yule cha kufanya. Alimwambia, "Mama, leo mimi nafanya, wewe unatazama. Kesho tunafanya wote. Keshokutwa wewe unafanya, mimi natazama." Na hakukubali waruhusiwe mpaka alipomwona akimgeuza mumewe peke yake, akikagua ngozi yake na kuosha mikono yake sawasawa.

Ngozi inahitaji damu. Mfupa ukiikandamiza kwenye godoro, damu haipiti. Wewe na mimi tukikaa vibaya tunahisi, tunajisogeza hata usingizini. Aliyepooza hahisi. Saa mbili tatu zinatosha ngozi kuanza kufa, na huanzia ndani, karibu na mfupa, kwa hiyo doa dogo la juu linaweza kuwa mlango wa shimo kubwa. Sehemu za kuangalia ni mfupa wa juu ya makalio, mifupa miwili ya kukalia, nyonga za ubavuni, visigino na vifundo.

Vitabu vingi husema utaona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na kwa kuusubiri watu wamechelewa. Sista yule alimfundisha mkaza mjomba kutumia mgongo wa mkono. Unapitisha taratibu: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu au pamelegea kama tunda lililoiva kupita kiasi? Pameng'aa, au pamekuwa peusi zaidi ya ngozi ya jirani? Ukibonyeza, rangi inabadilika? Ukipata jibu la ndiyo katika maswali ya mwanzo, au rangi imekataa kubadilika, hapo hapalaliwi wala hapakaliwi tena mpaka hali irudi. Hapasuguliwi kwa mafuta pia. Kusugua kunazidi kuumiza. Mjomba mwenyewe hujikagua sasa kwa kioo kidogo cha kunyolea, asubuhi kabla ya kuvaa na usiku kabla ya kulala.

Kumgeuza hakuhitaji vitanda vya bei mbaya. Godoro zima la sponji lisilobonyea, mito au kanga zilizokunjwa vizuri, na saa ya kuamsha. Akilala ubavu, mto unakaa kati ya magoti. Akilala chali, mto unawekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani visiguse kitu. Shuka linanyooshwa, maana hata mkunjo unachimba. Anainuliwa, haburutwi. Akiwa kwenye kiti, anajiinua kwa mikono au kuinama mbele na pembeni kila robo saa hadi nusu saa, na akae hivyo dakika moja mbili ili damu ipite. Mjomba hufanya hivyo kila mtangazaji wa redio anapobadilisha kipindi na kila mteja anapoondoka. Na jiko la mkaa liwe mbali. Miguu isiyohisi imewahi kuungua watu wakipiga soga.

Mkojo nao. Kibofu kisichopokea amri aidha hujaa mpaka kikamwagikia juu, au hubana bila kutoa wote. Mkojo uliobaki huzaa wadudu, na shinikizo lake hurudi kwenye figo. Wengi hurudishwa nyumbani na mpira wa kudumu, na kama hakuna njia nyingine basi ubadilishwe kwa wakati, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, na asilale juu ya mpira. Lakini kwa mwenye mikono mizima njia iliyo bora ni kuingiza mpira mwenyewe, kutoa mkojo, na kuutoa mpira, kila baada ya saa nne hadi sita. Daktari wa Marekani, Jack Lapides, alionyesha mwaka 1972 kwamba hili linawezekana kwa usafi wa kawaida wa sabuni na maji, bila vifaa vya chumba cha upasuaji. Kilichokuwa muhimu ni kibofu kisijae kupita kiasi. Mjomba alilikataa mwanzoni kwa aibu. Alipolizoea, homa za kila mwezi zikapungua na akaanza kusafiri hadi Korogwe bila mfuko mguuni. Anywe maji ya kutosha, asijinyime kwa kuogopa kukojoa. Mkojo ukiwa mzito na harufu kali, au homa na baridi vikaja, au miguu ikaanza kurukaruka kuliko kawaida, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Haja kubwa inapangwa kwa saa. Wakati ule ule kila siku au siku mbili, baada ya chai ya moto au chakula, kwa msaada wa glovu na mafuta kama daktari alivyoelekeza. Choo chetu ni cha shimo. Fundi alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, akakiongezea miguu ya mbao, akashona pedi ya sponji pembeni ili mifupa isigandamizwe. Haya hayasemwi sebuleni, lakini mtu aliyechafuka mbele ya wakwe zake mara moja anaweza kujifungia ndani mwaka mzima.

Kwa walioumia usawa wa chembe ya moyo au juu zaidi, kuna hatari nyingine ambayo wahudumu wengi wa zahanati hawajawahi kuiona. Kichwa kinagonga ghafla, uso unatoka jasho, shinikizo la damu linapanda vibaya. Mara nyingi chanzo ni kidogo: mpira wa mkojo umejikunja, haja kubwa imekwama, mkanda unabana. Mkalisheni wima, legezeni nguo, tafuteni chanzo mara moja na kukiondoa, na kama hali haishuki mkimbizeni hospitali. Ni dharura kweli kweli. Inaweza kuleta kiharusi.

Kuhusu moyo, sitasema mengi kwa niaba ya mjomba. Miezi ya mwanzo aligeukia ukutani. Watu walinong'ona kwamba mnazi ule ulikuwa na mwenyewe, kwamba aliangua nazi za mtu aliyeweka zindiko. Maneno hayo yalimfanya aliyeumia aonekane mkosaji. Kilichomgeuza kutoka ukutani ni mtu aliyeletwa na mtaalamu wa mazoezi, aliyepooza miaka mingi kabla yake, akaingia chumbani kwa kiti chake na kuanza kulalamikia bei ya nyanya. Waliongea faragha na mambo ya ndoa pia. Tendo la ndoa halifi na miguu. Linabadilika, na zipo dawa na njia, na wanawake waliopooza hushika mimba na kujifungua. Hospitali zingelitaja hilo bila kusubiri kuulizwa, ndoa nyingi zisingevunjika kwa kudhania.

Kiti mwendo kinastahili hasira yangu kidogo. Mara nyingi mgonjwa hupewa kiti cha msaada cha kukunja, cha turubai linalobonyea, kipana kama cha kubebea wageni uwanja wa ndege, hakina mto. Picha inapigwa, watu wanapiga makofi, na wiki chache baadaye mtu ana kidonda. Kiti kinapimwa mwilini: upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha kukanyagia. Mto wake ni sehemu ya tiba. Kwenye mchanga na tope letu, kile cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali hakipinduki ovyo. Moshi kipo chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na viti mwendo, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Utaalamu upo. Nairobi nako kuna hospitali ya taifa ya rufaa ya majeruhi ya uti wa mgongo. Kinachokosekana ni daraja kati ya sehemu hizo na kijiji.

Si wote hupooza kwa ajali. Kifua kikuu huingia kwenye pingili, kikazila polepole. Mtu ana maumivu ya mgongo yasiyoisha, usiku anatoka jasho, anakonda, kisha kinundu kinatokea mgongoni na miguu inaanza kulegea. Dawa za kifua kikuu ni bure, na anayeanza mapema mara nyingi hupona na kutembea. Maumivu ya mgongo ya miezi pamoja na homa si ya kukandwa tu. Kuna konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, zaidi watoto na akina mama, katika njaa au ukame watu wanapokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri bila kitoweo. Imewahi kutokea Tarime miaka ya 1980, na huko Congo bado inaonekana. Sumu inaondoka kwa kuloweka mihogo siku tatu au zaidi na kuianika vizuri. Unga ulio na shaka hulowanishwa, hutandazwa mwembamba kivulini kwa saa tano, kisha hupikwa. Na kuna watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Mgongo wa kijusi hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, kabla mama wengi hawajajua, kwa hiyo foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanza kabla ya kushika mimba. Kusubiri kliniki ya kwanza ni kuchelewa.

Barabarani kila mtu anajua la kufanya, ila hatufanyi. Bodaboda ikipakia mishikaki, hakuna wa kujishika. Helmeti hulinda kichwa, mgongo hulindwa na mwendo mdogo na dereva aliyelala usiku. Ndani ya gari, mkanda. Kwenye kina usichokijua, mtoni au baharini maji yakiwa yamekupwa, usipige mbizi kwa kichwa. Shingo ndiyo inayolipa.

Na minazi. Mkwezi hulipwa kwa mnazi au kwa idadi ya nazi, kwa hiyo anakimbizana na saa hata shina likiwa limelowa. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini kibarua ambaye mwenye shamba hamwandikishi popote hana wa kumdai. Mwenye shamba la mjomba alileta kilo za sukari na nauli. Ningependa wenye mashamba wakubali mambo machache: hakukwewi mvua ikinyesha wala umande haujakauka, mkwezi afungwe mkanda wa usalama unaozunguka shina, nazi zinazofikika ziangushwe kwa ufito mrefu wenye kisu, na anayepanda upya achanganye minazi mifupi kama ile ya Pemba, inayozaa ikiwa bado chini. Mifupi haivumilii ukame kama mirefu, najua, na nazi zake si za kusifiwa sana kwa tui. Bado hesabu ya mti mmoja mfupi ni rahisi kuliko ya mwanamume wa miaka 40 kitandani.

Mjomba sasa ananunua nazi kwa jumla na kuuza barazani. Anagonga kila moja kwa kucha, anasikiliza, anaitenga. Binamu yangu mkubwa bado anakwea, kwa mkanda, na baba yake hamruhusu kutoka nyumbani kabla jua halijakausha mashina.